Wanaotangulia Jukwaani

(Maneno yaliyosemwa bwaloni Jumamosi jioni, siku ya kwanza ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, na mwanachama aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1982.)



Katibu aliponiandikia barua ya kunialika alisema nizungumze kwa muda wa dakika ishirini, kisha ndipo shughuli yenyewe ianze. Shughuli yenyewe ni bendi iliyokodiwa kutoka mjini, ambayo vyombo vyake mnaviona hapa nyuma yangu vimefunikwa turubai. Basi nafahamu vizuri mahali pangu katika ratiba ya leo. (Kicheko.) Na kwa kuwa nafahamu, nimeona nizungumze juu ya jambo hilo hilo, yaani watu wanaopandishwa jukwaani kabla ya yule ambaye wengine wamemlipia kiingilio, na namna sisi watazamaji tunavyowatendea.

Sikulichagua jambo hili kwa mzaha. Mwaka jana, katika bwalo hili hili, vijana wa kidato cha tatu walipanda hapa na ngoma mbili, manyanga, na gitaa moja la umeme la kuazima. Walikuwa na nyimbo nne walizotunga wenyewe. Wimbo mmoja ulihusu msimu wa tumbaku, na mtoto anayeshinda banini akifunga majani kwenye fito wakati wenzake wako darasani wakiandika. Sidhani kuna mtu humu ndani, awe ametoka Ulowa au Ukune au Bulungwa, asiyemjua mtoto huyo. Wengine wetu tulikuwa yeye, na wengine leo ndio wenye mabani. Lakini wakati wimbo ule unaimbwa sisi tulikuwa tunasalimiana. Tulikuwa tunaulizana nani amefariki, nani amestaafu, nani amenunua lori la pili. Kisha meza moja ya huku mbele, sitasema ya mwaka upi, ikaanza kugonga chupa za soda na kuiita bendi. Wimbo wa nne haukuimbwa.

Mwaka huu vijana wamepangiwa saa kumi alasiri, wakati wengi wetu tulikuwa bado njiani, tunakula vumbi la barabara ya kutoka Kahama. Wameviimbia viti. Na katika taarifa ya kamati, ukurasa wa pili, nimesoma pendekezo kwamba kuanzia mwakani kikundi cha wanafunzi kiondolewe kabisa katika ratiba "kwa ajili ya kuokoa muda". Mimi napinga pendekezo hilo. Nitatumia dakika zangu kueleza kwa nini, na nini kifanyike badala yake.

Tusidhani kwamba jambo hili tumelianzisha sisi. Katika muziki wa roki, ambao wengi wetu tuliujua kwa santuri zilizopasuka pembeni na kwa redio za masafa mafupi, ni desturi ya miaka mingi kwamba bendi yenye jina haifungui onyesho lake yenyewe. Hutanguliwa na mwingine asiyejulikana sana, anayepewa nusu saa hivi ya kuwachangamsha watu. Na hadithi za watangulizi hao nyingi ni za kusikitisha.

Mwezi Juni mwaka 1967 mpiga gitaa Jimi Hendrix, Mmarekani aliyekwisha kupata jina Uingereza lakini kwao bado hajulikani, alipiga katika tamasha la Monterey, California, na mwishoni akalichoma moto gitaa lake. Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Julai, alikuwa Jacksonville, Florida, akiwatangulia The Monkees. Hao walikuwa vijana wanne waliokusanywa kwa ajili ya mchezo wa televisheni, na wapenzi wao wakubwa walikuwa wasichana wadogo wa shule. Hendrix akiimba, wasichana wakiita jina la Davy, yaani Davy Jones, kipenzi chao. Hakumaliza hata wiki mbili. Baada ya maonyesho ya New York aliachana na safari ile. Na angalieni jambo moja: The Monkees wenyewe walimpenda, na walikuwa wakimsikiliza kwa hamu kabla ya zamu yao kufika. Wenye nyumba walimkaribisha mgeni, na waliokuja kuitembelea nyumba ndio waliomfukuza.

Cha pili ni kisa cha Prince. Tarehe 9 Oktoba 1981, katika uwanja wa Coliseum mjini Los Angeles, watu wapatao 90,000 walikuja kuwaona The Rolling Stones. Prince, wakati huo kijana wa miaka 23, alitangulia. Alivaa koti refu na chini yake chupi nyeusi, na muziki wake haukuwa wa gitaa tupu kama walivyouzoea wale mashabiki. Wakamzomea, wakamrushia chupa na vyakula, naye akashuka kabla ya muda wake kwisha. Akapanda ndege akarudi kwao Minneapolis. Akashawishiwa kurudi kwa onyesho la tarehe 11, akarudi, na wakamrushia tena. Mwaka 1984 ilitoka filamu yake ya Purple Rain pamoja na santuri yake, na dunia nzima ikamjua.

Visa hivi kwa kawaida husimuliwa ili msimulizi apate kusema: haya, mnaona, mliyemzomea amekuja kuwa mkubwa! Hoja hiyo mimi siipendi hata kidogo. Wengi waliozomewa hawakuwa wakubwa kamwe. Walirudi makwao, wakawa madereva na walimu na wakulima wa pamba, na gitaa likauzwa. Je, hao walistahili chupa kwa kuwa hawakuja kuwa Prince? Kijana wa kidato cha tatu hastahili kusikilizwa kwa sababu huenda siku moja atakuwa mtu maarufu. Anastahili kwa sababu amepanda, amejiandaa, na sisi tumeketi mbele yake.

Sasa, kwa nini watu wenye akili timamu, ambao mmoja mmoja hawawezi kumtukana mtu barabarani, hufanya hivyo wakiwa kundi? Wengine husema ni ulevi, wengine husema ni vijana wa siku hizi. Lakini mwaka 1967 wale wasichana hawakuwa walevi, na vijana wa siku hizo leo ni mabibi. (Kicheko.) Mimi naona sababu kubwa iko katika mpangilio wenyewe. Fikirieni uwanja unavyojaa. Wanaofika mapema na kushika nafasi za mbele, karibu kabisa na jukwaa, ni wale wampendao mkubwa kuliko wengine wote. Hao wamesimama muda mrefu, miguu inawauma, na hao hao ndio wa kwanza kukutana uso kwa uso na mtu wasiyemjua. Wale wapole, waliokuja kwa kuwa wanapenda muziki tu, wako nyuma, au bado wananunua vinywaji. Kwa hiyo mtangulizi huimba mbele ya mahakimu wakali kuliko wote, na wanaoweza kumhurumia hawamwoni vizuri. Ongeza hapo kwamba nyimbo zake hazijulikani, na mtu hawezi kuitikia asichokijua. Tena kiingilio kilitozwa kwa jina moja tu, lile lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Kila dakika ya mtangulizi mtazamaji huihesabu kama dakika aliyoibiwa.

Halafu kuna habari ya sauti, ambayo watazamaji wengi hawaijui. Vyombo vya bendi kubwa hupangwa kwanza na kujaribiwa kwanza. Mtangulizi husimama katika upenyo uliobaki mbele ya vyombo hivyo, mara nyingi bila kupata nafasi ya kujaribu, na si ajabu fundi mitambo akampimia sehemu tu ya sauti iliyopo, ili mkubwa atakapoingia watu waone tofauti. Huko Marekani na Ulaya imetokea mara nyingi bendi changa, au kampuni yake ya santuri, kulipa fedha ili ipewe hata huo upenyo. Msikilizaji akisikia sauti dhaifu hudhani ni udhaifu wa mpigaji.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Mwaka 1985 tulikuwa vijana wanne, wote wa shule hii, na tulipewa nusu saa katika ukumbi mmoja wa Kahama mbele ya bendi kubwa iliyokuwa ziarani, ambayo sitaitaja. Fundi wao alitupa maikrofoni moja kwa waimbaji wawili na akatuonya tusiguse kitu chochote. Wimbo wa kwanza ulipokwisha tulisikia viatu vyetu wenyewe. Wa pili ulipoanza na watu nao wakaanza: "Shukeni! Shukeni!" na miluzi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyevaa koti la kaki, ameketi peke yake karibu na mlango. Yule mzee akainuka, akakinyanyua kiti chake, akakisogeza mbele kama hatua tatu, akaketi tena akitutazama. Hakupiga makofi hata mara moja. Wimbo wa tatu tuliupigia kile kiti.

Hatua zile tatu ndizo zinazonirudisha kwenye ngoma za kwetu, kwa sababu katika nchi hii kuupima muziki kwa miguu ya mtazamaji ni jambo la zamani sana. Huku Ushetu wenyeji ni Wasumbwa na Wanyamwezi, lakini Wasukuma walipoingia kwa wingi na ng'ombe wao, wakitafuta malisho na mashamba, walikuja pia na mashindano yao ya ngoma. Vijana, kama hamjayaona mashindano hayo, waulizeni wazee wenu nyumbani. Nitaeleza kidogo.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Bagika wamebeba jina la manju wao wa kwanza, Ngika. Bagalu wanamtaja Gumha kuwa mwanzilishi wao. Inasimuliwa kwamba watu hao wawili walikuwa wapinzani wakubwa, kila mmoja akijivunia nyimbo zake na dawa zake. Tangu hapo vikundi vya ngoma, wawe wanaocheza na majembe, wawe wanaocheza na chatu, wawe wa nungunungu, hujihesabu kuwa vya upande mmoja au wa pili. Msimu wao ni baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, ghala likiwa na kitu na kazi ya shamba imepungua. Kule Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, ambako Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma, mashindano haya huandamana na sherehe ya Bulabo, baada ya sikukuu ya Ekaristi.

Na sasa sikilizeni utaratibu wake, maana ndio uliofanya nisimame hapa. Hakuna anayetangulia. Bagika wana duara lao upande huu wa uwanja, Bagalu wana lao upande ule, na wanaanza pamoja. Ngoma zinalia pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mtazamaji yuko huru. Akivutiwa na manju wa huku, anakaa huku, akisikia kelele za furaha kule, anakwenda kule kutazama kuna nini, akichoka, anarudi. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Manju hana haja ya kuambiwa na mtu kwamba anashindwa. Anaona mwenyewe duara lake linavyopungua upande mmoja na vumbi linavyopanda kule kwa mwenzake, na hapo ndipo anapotoa alichoficha: chatu ndani ya kikapu, sanamu la mti lenye mikono inayochezeshwa, mchezaji wa kujipindua, au wimbo mpya wenye habari za kijijini ambazo kila mtu alidhani ni siri. Watu wakarudi mbio.

Sisemi kwamba mambo hayo yalikuwa matamu tu. Manju huimba nyimbo za kumkashifu mpinzani wake, tena bila kuficha jina. Kuna habari za dawa za kuvuta watu na dawa za kumharibia mwenzio, na siku nyingine ugomvi ulifuata. Na kushindwa pale ni kushindwa kweli kweli, mtu kubaki uwanjani na wapiga ngoma wake na mbwa wawili. Lakini matusi hutoka kwa mshindani, ambaye naye yuko uwanjani anahatarisha jina lake. Mtazamaji hatukani. Hana sababu ya kutukana, kwa kuwa hakuna aliyemzuilia kitu anachokitaka. Kitu hicho kiko hatua mia mbili, na miguu anayo. Ninavyoona mimi, kuondoka kimya kimya kwenda kwa mwingine ni hukumu halali kabisa, na ni kali kuliko mluzi. Kuzomea ni kazi ya mtu aliyefungiwa.

Katika dansi la kwetu napo kulikuwa na utaratibu mwingine uliomkinga mchanga, ingawa sijui kama uliwekwa kwa nia hiyo. Tabora peke yake ilikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na wengi wetu tuliokulia upande huu tulizijua bendi hizo kwa Redio Tanzania kabla ya kuziona kwa macho. Dansi lilikwenda saa nyingi, hadi usiku wa manane na kupita. Saa ya kwanza, ukumbi ukiwa nusu, walipanda vijana wa bendi ile ile, wakapiga ala tupu au kopi za nyimbo za watu, na mwimbaji mwenye jina aliingia baadaye watu wamekwisha kukaa. Yule kijana aliyefungua hakuwa mgeni. Nyuma yake alikuwapo mpiga besi yule yule na tarumbeta zile zile. Ukimzomea yeye umeizomea bendi uliyoilipia. Tena sauti aliyopewa ilikuwa ya nyumbani.

Liko namna moja la utangulizi ambalo sisi wote tumelishuhudia hapa wilayani, na ambalo halisemwi. Ni ngoma ya kumsubiri mgeni rasmi. Kikundi kinaitwa saa tatu asubuhi. Mgeni anafika saa nane. Wanacheza juani, watu wamekaa vivulini wakizungumza habari za bei ya pamba, na mara vumbi la magari linapoonekana mshereheshaji anawakata katikati ya mdundo: "Basi, basi, mgeni amefika!" Hawarudishwi tena kumalizia. Wakibahatika watapata soda. Ngoma hiyo imechezwa saa tano, na katika taarifa ya mkutano itaandikwa kwa maneno mawili, "burudani ilikuwepo".

Lakini hata hapo mambo hugeuka. Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992 na kampeni zikaanza kwa kishindo mwaka 1995, vikundi vya muziki vilipewa nafasi kubwa. Mnakumbuka Tanzania One Theatre ya marehemu Kapteni John Komba. Baadaye wakaja vijana wa bongo fleva. Wote hao kwa ratiba ni watangulizi, wamewekwa kuita watu ili mgombea ahutubie. Nimesimama katika mikutano ya vyama mbalimbali, na mara nyingi nimeona mwimbaji akishuka, mgombea akishika maikrofoni, na watu wa nyuma wakaanza kukung'uta suruali na kutafuta baiskeli zao. Waheshimiwa wanalijua jambo hili, ndiyo maana siku hizi wengine huwaweka waimbaji mwanzoni na mwishoni. (Kicheko na makofi.)

Bob Marley naye, ambaye picha yake ninaiona hata katika mabweni ya sasa, alikuwa mtangulizi zaidi ya mara moja. Mwaka 1973 yeye na The Wailers waliwatangulia Sly and the Family Stone huko Marekani, wakaondolewa katika safari baada ya maonyesho machache. Mwezi Aprili mwaka 1980 alikuwa mgeni wa taifa zima, akiimba uwanjani Rufaro usiku Zimbabwe ilipopata uhuru wake. Mwezi Septemba mwaka huo huo, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alikuwa akiwatangulia The Commodores. Ni mtu yule yule na nyimbo zile zile, ila tangazo ndilo lililobadilika.

Ninyi vijana, nanyi lazima niwaambie mawili matatu, maana mtangulizi naye anaweza kujiharibia. Msianze na wimbo mrefu. Wekeni wimbo wenu ulio imara wa kwanza, si wa mwisho, kwa sababu huenda wa mwisho usifike, kama mlivyoona. Msiwaulize watu "mpo?" mara tano, wapo, mnawaona. Kati ya wimbo na wimbo pasiwe na shughuli ya kufunga nyuzi dakika nzima. Mwenye gitaa afunge kabla ya kupanda. Mkipewa nusu saa shukeni dakika ya ishirini na nane. Na mtu akizomea msimjibu, maana maikrofoni iko kwenu na yeye hana, na watu humwonea huruma asiye na maikrofoni. Wimbo wenu wa banini nimeuomba kwa mwalimu wenu, nikausoma maneno yake yote. Beti ya tatu ni ndefu mno. Nyingine zote ziacheni kama zilivyo.

Wazee wenzangu, wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hapa ndipo kwao vijana hawa. Bendi iliyokodiwa itapakia vyombo vyake usiku huu huu na kuondoka, na haina kosa lolote katika habari hii. Ni watu wa kazi na wanastahili ujira wao. Lakini hawa tutawaacha hapa Jumatatu, katika mabweni yale yale tuliyolala sisi, na kitu watakachokumbuka juu yetu ni jinsi tulivyokaa kwenye viti hivi. Sisi tunaitwa watangulizi wao. Neno hilo hilo. (Makofi.)

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja, na naomba iingizwe katika kikao cha kesho asubuhi kabla ya mambo ya ada. Pendekezo la ukurasa wa pili lifutwe. Badala yake, mwakani na kuendelea, pawe na majukwaa mawili, moja hapa bwaloni na moja nje chini ya mwembe, upande wa pili wa uwanja wa mpira. Saa ya kwanza ya jioni bendi ya kukodi na kikundi cha wanafunzi waanze pamoja, kama Bagika na Bagalu. Vijana wapewe spika zao, za nguvu ile ile, na fundi wao, na majina yao yaandikwe katika ratiba kwa herufi za ukubwa ule ule. Asiyependa huku atembee aende kule. Gharama ya kukodi spika za pili nimeiuliza, na mimi na wenzangu wawili wa mwaka wetu tuko tayari kuilipa kwa miaka mitatu ya kwanza. Baada ya hapo chama kiamue.

Najua watakuwapo wa kusema kwamba vijana watabaki bila mtu hata mmoja. Huenda. Hapo watakuwa wamepata jibu la haki, na watakuwa na mwaka mzima wa kutafuta chatu. (Kicheko.)

Na kwa usiku wa leo hatukutaka kungoja kikao. Mkuu wa Shule ameruhusu, na kiongozi wa bendi, nilipomweleza, alicheka sana akasema yeye ni Mgalu wa kuzaliwa, waleteni. Vijana wamekwisha kufunga ngoma zao chini ya mwembe. Wataanza saa mbili kamili, dakika ile ile bendi itakapoanza hapa, na watapiga hadi saa tatu, nyimbo zote nne. Fundi wa jenereta anasema itabeba pande zote mbili mradi taa za bwaloni zizimwe. Basi mkiona giza msishtuke. Mlango wa kutokea ni huu wa kushoto, na kuna ngazi mbili.